Mwosha Chupa wa Pongwe

Asheri alikuwa na miaka arobaini na mitano na mjukuu mmoja, lakini ndani ya maabara ya shamba la mkonge kule Pongwe aliitwa boi. Hilo alilimeza kwa miaka tisa. Lililomkaba kooni mwaka ule wa 1956 ni jingine: esta, kemikali mpya ya nyuzi za katani, ilikuwa kazi ya mikono yake, na Bwana Merton, mkuu wa maabara, alimnyang'anya mchana kweupe.

Miezi sita mzungu huyo alihangaika kuunganisha nyuzi za katani na asidi za mafuta ya nazi, apate esta ya kutandazwa iwe karatasi angavu isiyopitisha maji. Kila mara aliambulia uji wa kahawia, na kila mara lawama zilimwangukia Asheri: "Chupa hukuziosha vizuri!" Uongo mtupu. Nyuzi zilitoka tanurini kavu, kisha Bwana akaziacha zipoe kwenye sinia wazi, upepo wa bahari ukizipitia, yeye anakunywa chai. Nyuzi zikinywa unyevu, asidi huyavamia maji na kuziacha nyuzi zilivyo. Hata Mwamvua, muuza kashata wa pale getini, asingefanya ujinga ule. Kashata zake hulala ndani ya kopo lililofungwa.

Bwana aliposafiri kwenda Maramba, Asheri alizipoza nyuzi ndani ya debe lililofungwa, chini katandika chokaa mpya ya tanuru inywe unyevu. Akapika, akatandaza juu ya kioo. Ikatoka karatasi angavu, tone la maji linateleza juu yake. Bwana aliporudi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bwana hakuuliza hata imepikwaje. Akaandika ripoti kwa jina lake peke yake. Asante ya punda mateke!

Jumatano wakaja wakubwa kuiona kazi.

"Nimeivumbua mwenyewe," Bwana aliwaambia kwa Kiingereza, akidhani Asheri hasikii. "Huyu huosha chupa."

Nyuzi zikatoka tanurini. Bwana akazimwaga kwenye sinia, akawakaribisha wageni chai barazani. Asheri akalitazama lile debe lake. Neno moja tu lingetosha. Hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka. Akalisukuma debe chini ya meza, akaenda kwenye karo la kuoshea chupa.

Saa nane mchana, mbele ya wageni wote, ukatoka uji wa kahawia.

"Asheri! Umefanya nini?"

"Nimeosha chupa, Bwana," akajibu, akaziinua moja moja wazione zinavyong'aa.