Herufi Iliyoachwa Wazi

Siku ile tangu asubuhi nilikuwa sikaliki. Mvua inapiga, Kwaresima imetuchosha kwa samaki wa chumvi, na wino umekuwa mzito hautaki kushuka kwenye kalamu. Niligombana na kila kitu, hata na paka. Binti yangu Idonia alikuwa dirishani anakwangua ngozi ya ndama ya kuandikia, kimya, na kimya chake kilinizidishia hasira.

Akaingia Thurstan, mzee wa chama chetu cha waandishi wanaonakili vitabu hapa London, na nyuma yake padri mmoja wa askofu. Padri hata salamu hakutoa. Aliweka ukurasa mmoja juu ya meza yangu.

"Injili kwa Kiingereza," alisema. "Unajua imekatazwa. Nimeambiwa hakuna mwandiko wa mkono mjini hapa usioutambua, Hamond. Aliyeandika hii ni nani?"

Nikacheka. Kwa kazi hiyo hunipati! Mtu anaweza kubadili jina, akabadili mke, akahama mji, lakini mkia wa g yake humfuata popote. Waghushi wa hati za mashamba nimeshawaumbua wangapi! Basi nikainama juu ya ukurasa kwa madaha yote.

Mkia wa g ulikuwa umekunjwa kushoto, kisha ukarudi juu kwa mstari mwembamba. Juu ya d palikuwa na kijino. Vyote vyangu.

"Umenyamaza," padri alisema. "Thurstan naye alinyamaza hivyo hivyo. Ni mkono wako, sivyo?"

"Wangu? We padri, usinitie wazimu! Hebu tazama hii..."

Nikaweka kidole juu ya w ya kwanza. W yangu ina kitanzi upande wa kulia, nami nakifunga mpaka chini, miaka thelathini sasa. Hii ilikuwa wazi. Ya pili nayo wazi. Zote wazi.

Kule dirishani kisu kikaacha kukwangua.

Hapo nikajua. Mama yake Idonia alipofariki, jioni za baridi zilikuwa ndefu mno kwetu, nikamfundisha mtoto kuandika kwa kuiga mkono wangu. Kila jioni nikifoka, "Funga hiyo w, Idonia! Nyumba gani haina mlango?" Na yeye akicheka, "Acha upepo upite, baba."

"Nitazame nini?" padri aliuliza.

Niliinuka, nikaenda kwenye moto, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. "Nilitaka kusema imeandikwa haraka haraka."

Thurstan akanivuta pembeni. Mimi na yeye tuliingia chama siku moja, tukaandika viapo vyetu katika kitabu kimoja. "Ndugu yangu, usiwe mjinga," alininong'oneza. "W yako naijua. Andika mistari miwili mbele yake, uwe huru, sisi twende zetu."

"Halafu atamtafuta nani?"

Macho yalimponyoka yakaenda dirishani. Padri akayafuata.

"Na huyu binti, anaandika?"

"Msichana aandike?" Nilipaza sauti mpaka paka akakimbia. "Kesho utaniambia kuku wanasoma misa! Huyu anakwangua ngozi tu, na hizo zenyewe anazitoboa."

"Basi andika wewe."

Nikachonga kalamu. Niliogopa, sifichi. Anayepatikana na kosa hilo hufungwa, na akitoka haruhusiwi kugusa kalamu mpaka kufa. Mimi sijui kazi nyingine duniani. Nikaanza: g na d zikaenda zenyewe. Nilipofika kwenye w, mkono ukataka kufunga. Niliuzuia kama mtu anayemzuia punda mlangoni pa zizi lake. Nikaiacha wazi. Na iliyofuata, wazi.

"Kwenye kiapo chako umezifunga," Thurstan alisema.

"Nilikuwa kijana. Uzee ni uvivu."

"Baba..." Idonia aliinuka.

"We! Kwangua ngozi!"

Sijawahi kumfokea vile. Akakaa. Padri akakunja ukurasa wangu pamoja na ule mwingine, akaridhika.

Nilipotoka gerezani nilikuta nyumba inaendeshwa na Idonia, kwa kazi anazoletewa na Thurstan kwa mlango wa nyuma. Jioni ya kwanza alipokuwa anakoroga supu, nilikwenda kwenye meza yangu ya zamani. Kalamu sikuigusa. Nikauvuta ukurasa wake kwenye mwanga.

W zote zilikuwa zimefungwa. Nikatafuta moja iliyo wazi, moja tu. Nikageuza ukurasa, nikatafuta tena.

"Hutaipata, baba," alisema nyuma yangu.

Nililia pale pale, mwiko wa supu ukiwa bado mkononi mwake. Mimi niliyetambua mkono wa kila mtu mjini, leo ukiniwekea ukurasa wa mwanangu na ukurasa wangu wa zamani, siwezi kukuambia upi ni wa nani.