Nyumba ya Wageni ya Mzee Andrea

Mjukuu wangu Siham alikuwa na kompyuta nyepesi, inayokaa na chaji mchana kutwa hata umeme ukikatika. Ila kila alipofungua programu ya kuchora nyumba, ilikwama. Fundi Faraji alimweleza kwa upole.

"Hii haina kadi yake ya picha, dada. Picha zinaazima nguvu za mashine nzima. Chukua hii yangu ya dukani leo, ina kadi yake yenyewe. Ila inakula umeme sana, betri usiitegemee."

Mzee Andrea, mnunuzi wa kahawa wa Masoko, alitaka kuiona picha ya nyumba yake ya wageni kabla hajapanda gari la jioni kwenda Mbeya. Asipoiona, kazi angempa mchoraji wa huko. Kwa Siham ilikuwa kazi ya kwanza.

Alasiri mvua ikashuka. Picha ilikuwa ikijijenga taratibu, paa limeshatokea, umeme ukakatika. Betri ikaanza kushuka haraka.

"Rudi kwenye ile nyepesi," nikamwambia.

"Itakwama, Bibi. Na hii ikizimika naanza upya."

Nikajitanda kanga, nikakimbilia jirani kwa Meshaki kinyozi, mwenye jenereta. Kitini alikaa Ezron wa Kisondela, kichwa kimenyolewa nusu.

"Mwanangu, niazime umeme."

Meshaki akasita. "Kajenereta kenyewe kadogo, Bibi Biubwa. Kunyoa na kompyuta kwa pamoja hakawezi."

"Mpe!" akasema Ezron. "Nywele zangu hazina safari."

Siham akaja na kompyuta kifuani, akachomeka waya betri ikiwa inakata roho. Mara Mzee Andrea, aliyeelekezwa huku na majirani, akaingia na begi lake, amenuna.

"Binti, gari linapakia."

"Kaa kidogo, mzee," Ezron akamsogezea benchi. "Mimi mwenye nusu kipara nasubiri, wewe mwenye kofia utashindwa?"

Mzee hakucheka, lakini alikaa. Milango ikatokea. Jenereta ikakohoa, nami nikaomba dua. Meshaki akatoka mvuani, akamimina mafuta ya akiba aliyoyaweka kwa wateja wa jioni.

Madirisha yakatokea, kisha baraza. Mzee Andrea akainamia kioo.

"Baraza hili jembamba," akasema. "Mvua yetu si unaijua?"

"Nalipanua, baba."

Nje gari likapiga honi. Mzee akaweka begi sakafuni.

"Haya, panua nione."