Namba ya Modemu

Tangu asubuhi Usenge ilikuwa kimya, na Metrine, mtunza kompyuta wa ofisi, alikuwa ameiwasha na kuizima mashine mara nyingi.

Mwaka huo wa 1993 mvua zilikuwa zimeua simu ya Usenge. Zahanati ya kule ilibaki na redio tu: nesi Selpha anaandika, na maneno yanapita hewani hadi kwenye modemu, kisanduku kinachoyaingiza kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, Kisumu. Jana jioni aliandika kwamba Apiyo, mwenye mimba ya mapacha, ameanza kutokwa na damu. Nesi angesema asubuhi kama gari linahitajika.

"Inasemaje?" Daktari Obiero aliuliza kutoka mlangoni. Gari lilikuwa moja, na Katito nako walikuwa wanaliita, kuna mtu amevunjika mguu. Dereva Dishon alikuwa uani, injini ikinguruma.

"Inasema modemu haipo, Daktari."

"Na hiyo inayowaka taa ni nini?"

Metrine aliinamia kioo. Programu ya kuendesha modemu lazima iambiwe namba ya kadi inayoiunganisha na kompyuta. Alifungua faili ya mipangilio aliyoiandika mwenyewe: tano. Sawasawa. Mbona basi kioo kilisema programu inaitafuta kwenye tatu? Ndipo alipokumbuka faili nyingine, ile inayosomwa mashine inapoamka. Akaifungua, akakuta mistari asiyoijua.

"Wakhisi! Uligusa hii?"

Wakhisi, mhasibu, alikuja mbio. "Printa ilinigomea jana jioni, ulipokuwa umeshaenda nyumbani. Nikaipa tano. Modemu nikaihamishia tatu. Na ikachapisha!"

"Modemu haihami kwa kuandikiwa! Namba yake imefungwa kwa kipini kwenye kadi, humo ndani. Mimi nasema tano, wewe unasema tatu, na mashine inafuata neno lako."

"Sasa ningejuaje? Uliniambia lini?"

Metrine hakuwa amemwambia. Angefuta mstari wa modemu peke yake, printa ingebaki inagombania tano, na zote mbili zingenyamaza.

"Futa yote," Wakhisi alisema kwa sauti ndogo. "Printa itangoja."

Akafuta, akawasha upya. Kioo kilikaa cheusi muda mrefu, kisha herufi zikaanza kumiminika, ujumbe uleule ukijirudia: APIYO AMEZIDIWA. LETENI GARI.

"Katito wavumilie!" Obiero alipiga kelele, tayari yuko uani.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Wakhisi alileta chai, hakuna aliyeinywa. Kila upepo ulipotikisa waya wa antena juu ya paa, Metrine alifumba macho, akiogopa stima isikatike na kompyuta kuzimika.

Jioni, gari lilipomrudisha Selpha zahanati, aliandika. Apiyo yuko hospitalini, ameongezwa damu, anaongea. Mtoto mmoja ananyonya. Wa pili hakulia.

"Ni kwa sababu yetu?" Wakhisi alimuuliza Daktari aliporudi, matope hadi magotini.

Obiero alivua miwani. "Sijui. Pengine mtoto alikuwa ameshakwenda tangu usiku. Sitawadanganya."

Metrine alikaa akitazama meza. Halafu akavuta kiti cha pili karibu na kompyuta.

"Keti hapa, Wakhisi," alisema. "Nikuonyeshe faili zote mbili. Kuanzia leo hakuna wa kubadilisha namba bila mwenzake."