Mistari ya Nukta

...na ni ile taa ya nyuma iliyomfichulia, kwa maana fundi taa alipoiwasha sasa hivi kivuli cha roshani ya jukwaani kilijichora chote kwenye pazia jeupe, sakafu yake, ukingo wake, ngazi zake kumi na moja, na chini ya sakafu, pale Mahder alipochora mihimili minne ya kubeba uzito, hapana kivuli cha kitu chochote, peupe kabisa, roshani imeshikwa ukutani kwa misumari tu, na mama Eteye Yeshareg, mwigizaji wa miaka sitini na mitatu, kipenzi cha Addis Ababa nzima, mwili wake wa haja, amekwisha kukanyaga ngazi ya kwanza, anangoja tu Sisay mwongozaji amalize kugomba kwa nini birika la kahawa limewekwa kulia badala ya kushoto... labda taa inadanganya, taa hudanganya, yeye mwenyewe kazi yake ni kudanganya, miaka kumi na mmoja ya filamu amejenga ikulu kwa plaiwudi ya soko la Merkato, marumaru ameipaka kwa unyoya wa kuku, gereza ameligeuza hospitali kwa siku moja, lakini hapana, ni ile mistari ya nukta, kwa sababu kwenye filamu yeye na Gashe Dagnachew, seremala wake mzee, wana desturi yao, mstari mzima, jenga, mstari wa nukta, kamera haioni, usipoteze mbao, filamu kumi na nne hawajaulizana, na mwezi uliopita alipoketi kuchora kazi yake ya kwanza ya jukwaani akachora kama alivyofundishwa chuoni, kwamba kilichojificha huchorwa kwa nukta, akasahau ni nani atakayeisoma ile karatasi, na mzee akaipokea kwa mikono miwili, akajenga kila kitu isipokuwa kile cha kumzuia mama wa watu asianguke.

"Sisay mwanangu, huu mguu unazeekea hapa," anasema Yeshareg, na watu wanacheka. "Nipande au nikaoke anjera kwanza?"

"Kidogo tu, Eteye, nivumilie, hawa watu wa birika wataniua," anasema Sisay, na kidogo ya Sisay inaweza kuwa dakika moja au tano, na Mahder ameketi safu ya nne, ameshika penseli... jana fundi taa alipanda kule juu akafunga taa zake na hapakulia hata ubao, ila fundi taa ni mifupa na shati, na safu ya mbele wamekaa wale wazee wa kamati ya ukumbi, wale waliouliza mbele yake, kana kwamba hayupo, ukumbi mkubwa kama huu unampaje kazi mtu wa kuta za karatasi, akafyata mkia akatabasamu, na leo awaambie nini, kwamba walisema kweli? Afadhali apande mara hii moja, ashuke, waende kula, naye na mzee wapachike mihimili saa ya chakula, nusu saa tu, hakuna atakayejua, mara moja tu... Bishoftu pia ilikuwa mara moja tu, lile tao la lango lililomwangukia mwanamke wa watu kwenye filamu ya harusi, mtulinga ukavunjika, na wenye filamu walipouliza kosa ni la nani Gashe Dagnachew akajibu kabla Mahder hajafungua mdomo, akasema ni misumari yangu, akakaa msimu mzima bila kazi, na mchoro ulikuwa wa Mahder, vipimo vyake, naye alimpelekea siagi na kilo mbili za kahawa sikukuu ya Meskel na mzee akashukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Yuko nyuma pale sasa, kofia gotini, amevaa koti lake la kanisani kwa sababu leo anaitazama kazi yake ukumbini, na atasema tena ni misumari yangu, bila shaka atasema, na safari hii haitakuwa mtulinga... vumbi litapanda upande wa kushoto, mtandio mweupe wa Eteye utabaki umenasa kwenye ukingo, Sisay atapiga kelele, na yeye, Mahder, asikimbie wa kwanza, wa kwanza hutiliwa shaka, awe wa tatu, apige magoti upande huu ambapo kamati inamwona, mikono mdomoni, na mzee atakuwa anashuka kwenye ujia wa katikati... na hapo akatambua kwamba alikuwa ameipanga yote, mahali pa kila mtu, mpaka nuru ya kuangukia uso wake, ameipanga vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, na hakukuwa na hata tone la huruma ndani yake. Akajiogopa. Sisay bado anasema kushoto, nimesema kushoto, na Yeshareg anajikunjia vazi aone ngazi.

"Eteye, shuka," alisema Mahder, na sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, wazee wa kamati wakageuka wote. "Chini ya roshani hakuna kitu. Gashe Dagnachew amejenga nilichomchorea. Kosa ni langu, na la Bishoftu pia."