Madoa wa Joakim

Yule dume wa Sapiwi aliyemkanyaga Mektilda mguu kwenye josho alimfanyia hisani, ukitaka kulitazama jambo kwa upande wake mzuri. Afisa mifugo hapewi likizo. Huvunjwa, ndipo anapumzika. Sasa alikuwa amelala kwenye kochi nyumbani kwake Bariadi mjini, hogo jeupe la plasta kutoka vidoleni hadi gotini, na mama yake, Specioza, alikuwa ametoka kijijini kuja kumuuguza. Kuuguza kwa Specioza kulikuwa na dawa moja tu, michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na dozi yake ilikuwa mpaka mgonjwa aombe mwenyewe kurudi kazini.

Siku ya nne Mektilda alikuwa amemaliza kuhesabu misumari ya dari. Akachukua simu, akapakua Madubwana.

Jina la kwenye kasha lilikuwa la kigeni, lakini Bariadi hakuna aliyejisumbua nalo. Tangu kaka yake Joakim aletewe ile mashine ya gemu ya njano na mjomba wa Mwanza, wote wawili wakiwa shule ya msingi, gemu lile liliitwa Madubwana. Unatembea porini, majani yanatikisika, dubwana anatoka, unapambana naye, unamkamata, unampa jina, unamfuga. Wao walikuwa na toleo la pili. Kwenye simu lilikuwa toleo la kumi na moja. Kumi na moja, Mektilda aliwaza, hata ukoo wetu haujafika huko.

Miaka kumi na minne hakuligusa. Alitarajia majani yatikisike.

Majani hayakutikisika. Kwanza gemu lilimuuliza tarehe ya kuzaliwa, likaomba kujua anakaa wapi, likaomba majina ya watu wote aliowahi kuwapigia simu. Likamwonesha tangazo la kope za bandia. Halafu akatokea dubwana wa kijani amevaa kofia na miwani, akamkumbatia kwa nguvu kana kwamba walinyonya pamoja, akasema alikuwa amemkumbuka sana.

"Umenikumbuka wapi wewe," Mektilda akamwambia. "Leo ndiyo mara ya kwanza tunaonana."

"Nani huyo?" Specioza akauliza kutoka jikoni.

"Mtu wa kofia, mama."

Alimchunguza kiumbe yule kama anavyochunguza ng'ombe mnadani. Kwato tatu mguu mmoja, mbili mguu mwingine. Chuchu mbili kifuani na nyingine moja, kwa sababu anazozijua mchoraji, karibu na shingo. Enzi zile madubwana walikuwa wabaya wa sura, ndiyo, lakini walikuwa wabaya kwa utaratibu. Ulijua aliyewachora amewahi kumwona mnyama hata kwa mbali. Huyu alionekana amechorwa na mtu anayeogopa ng'ombe na anayedaiwa kodi ya nyumba.

Na porini hakukuwa na kutafuta. Madubwana walijipanga foleni kama watu wa zahanati, ukigusa mmoja anakamatika, anashukuru. Kupambana walipambana wenyewe. Kazi yako ni kutazama tangazo la sufuria lisiloshika ukoko. Ukiweka simu chini saa moja, wa kofia anaanza kulia machozi ya bluu.

Yote hayo angeyameza. Lililomshinda lilikuwa kinu.

Baada ya siku mbili zizi lake lilijaa, na gemu likamwelekeza, kwa muziki wa furaha, awapeleke wadogo kwenye kinu. Akagusa ili aone ni nini. Wale wadogo watatu waliingia wakipunga mikono, kinu kikazunguka, ukatoka uji wa waridi, na yule wa kofia akaunywa wote, akacheua, akaota pembe. Mektilda alikaa ameshikilia simu mbali na uso kama mtu aliyeshika nepi. Kazini kwake kumlisha mnyama nyama ya mnyama mwenzake ni kosa la kuitwa mbele ya mkurugenzi. Na hapa walikuwa wameliwekea zeze na nyota.

"Mbona umekunja sura?" Specioza akaja na sahani. "Mguu?"

"Hapana. Nimeona kitu kinyaa."

"Kula michembe, kitapita."

Chini ya kinu, kwa maandishi ya dhahabu, palikuwa na mstari mmoja: Una dubwana wa zamani? Mlete, ana nguvu mara kumi.

Hapo ndipo alipomkumbuka Madoa.

Madoa alikamatwa na Joakim. Siku nzima ya Jumapili alimwinda kwenye ile mashine ya njano, akakosa misa, akachapwa, akarudi akaendelea. Dume wa madoa meusi na mkia kama ufagio. Joakim alipofika kidato cha nne alipata homa, siku ya tano wakamzika, na Mektilda hakuweza tena kulifungua lile gemu. Kabla ya kwenda chuo cha mifugo alifanya jambo ambalo kwao lilikuwa la kawaida kabisa: alimwekesha Madoa kwa binamu.

Kwao ng'ombe hawalali wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, unabaki na kamba mkononi. Kwa hiyo unampa ndugu yako ng'ombe wachache akae nao. Maziwa anywe yeye, samadi atie shambani kwake, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa mtunzaji analeta ngozi na kueleza. Asipoileta, watu wanajua nyama iliishia wapi. Kristofa, mtoto wa shangazi yake, alikuwa na mashine yake na waya wa kuunganishia. Walikaa uani Sapiwi, Madoa akapita kwenye waya, na Kristofa akatamka kama wazee: "Nimepokea dume mmoja, wa madoa, mkia mzima, hana kovu." Specioza alishuhudia akipepeta mtama, akawaambia wamechanganyikiwa wote wawili.

Sasa Kristofa alikuwa fundi simu Mwandoya, na watu walisema bado anacheza, amehamisha mifugo yake toleo hadi toleo. Vipi kama amefika la kumi na moja? Mektilda alikiona kinu kikizunguka. Akapiga simu.

"Nataka Madoa wangu," alisema. "Kabla hujampeleka popote."

"Nakuja Jumamosi kukuona mgonjwa," Kristofa akajibu. "Utafurahi."

Jumamosi mchana alifika, vumbi la Mwandoya hadi kwenye nyusi, kuku kwapani.

"Mwadila, mayu," akamwamkia Specioza kwa Kisukuma, kama mama yake mzazi, akiinama, kisha akamgeukia mgonjwa. "Na wewe daktari, nasikia safari hii ng'ombe ndiye aliyekudunga."

"Ningekuwa na mke kama wa kwako ningekuwa nimezoea mateke. Kaa. Yuko wapi?"

"Mgeni hupewa maji kwanza."

"Kunywa haraka basi."

Kristofa alikunywa taratibu kwa makusudi, akafuta mdomo, akatoa mashine kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa ya kisasa kidogo, toleo la nane. "La kumi na moja silitaki," akasema. "Nimeona kile kinu. Nilikosa hamu ya kula siku nzima."

Mektilda alishusha pumzi, akampenda binamu yake kwa muda wa kama dakika mbili. Kristofa akafungua zizi. Madubwana thelathini na wanane, wamepangwa kwa rangi, kila mmoja na jina lake, wote wamelishwa. Zizi safi kuliko mengi anayoyakagua.

"Wote ni wako," Kristofa akasema. "Mimi nilikunywa maziwa tu."

Mektilda alipitisha kidole safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudi mwanzo.

"Madoa simwoni."

Kristofa akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesubiri miaka mitatu kusifiwa. "Nilimbadilisha. Mitamba miwili, Mekti. Wachanga, ukoo safi. Hawa wote unaowaona wametoka kwa hao wawili."

Mektilda akaishusha mashine.

"Ulimbadilisha na nani?"

"Mtu wa mtandaoni. Jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hata sijui zinaanzia upande gani. Madoa alikuwa amefika kiwango cha mwisho. Umlishe nini, haongezeki. Kuzalisha hawezi tena. Amesimama tu zizini."

"Alikuwa wa Joakim."

"Alikuwa wa Joakim na amekuwa thelathini na wanane. Ningekurudishia mmoja yuleyule baada ya miaka yote hii, ungesema Kristofa ni mtunzaji gani?"

"Nani alikwambia uondoe dume la watu bila kuuliza? Pumbavu gani alikufundisha ufugaji?"

Kristofa alimtazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa anamtania.

"Wewe," akasema. "Mkutano wa Mwandoya, kwenye ghala la pamba. Ulisimama juu ya marobota na kipaza sauti. Ukasema, dume mzee si mali, ni picha. Anakula nyasi za mtamba, anakupa sura tu. Mtoeni mchukue wachanga, na msisubiri ruhusa ya marehemu. Watu walicheka sana hapo kwenye marehemu. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikapiga makofi. Nikaenda nyumbani nikawatoa maksai wangu wawili, na jioni nikamtoa Madoa. Nimeona faida kote."

Mektilda aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka hata ile sentensi. Aliitunga kwenye pikipiki akielekea Mwandoya, akaipenda, na tangu siku hiyo alikuwa ameitumia kata baada ya kata kwa sababu watu hucheka pale pale kila mara.

Specioza alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Nani ametolewa?"

"Mwambie," Mektilda akasema. "Mwenye dume ni Joakim. Joakim hayupo, basi mwambie mama yake. Utaratibu unaujua."

Kristofa alivua kofia, akasimama. Alieleza tangu waya wa Sapiwi hadi mtu wa herufi za ajabu, bila kujipunguzia lawama. Specioza, ambaye hakuwahi kulielewa gemu lile lakini mambo ya ng'ombe anayaelewa akiwa usingizini, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngozi?" akauliza.

Kristofa alitafuta kwenye simu yake, akampa. Kabla ya kumtoa Madoa alikuwa ameupiga picha ukurasa wake wote. Specioza akasogeza simu mbali, akakodoa macho.

"Ndiye huyu? Mtoto wangu alikosa misa kwa ajili ya huyu? Ana sura ya fisi aliyemeza ndoo."

"Soma chini, mayu."

Alisoma polepole, kidole kikifuata. Aliyemkamata: JOAKIM. Mwiko ulidondosha tone la uji sakafuni na hakuliona.

"Haya maandishi," akasema, "huko alikokwenda, wanayafuta?"

"Hayafutiki. Hata abadilishwe mara mia."

"Kwa hiyo kuna mtu huko anasoma jina la mwanangu."

"Kila akimfungua."

Specioza alitikisa kichwa, mara mbili. "Basi umeeleza, na ngozi umeleta. Huna kosa, ng'wanone, mwanangu. Umefuata ya mtaalamu. Hata mimi niliyafuata."

"Yapi, mama?" Mektilda akauliza, ingawa alikwishaanza kujua.

"Yule dume mweusi wa baba yenu. Ulikuja nyumbani na daftari lako, ukasema ni picha tu. Nikamtoa wiki ile ile."

"Hukusema kitu. Ulisema sawa."

"Ilikuwa sawa. Mitamba imezaa, maziwa tunakunywa. Nililia siku mbili jikoni, shangazi yenu akiuliza nasema ni moshi."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayosemea chumvi imekwisha, akamrudishia Kristofa simu, kisha akaichukua tena. "Hii inaweza kutolewa kwenye karatasi?"

"Pale stendi wanatoa, mayu. Dakika tano."

"Katoe. Kubwa."

Kristofa akavaa kofia akatoka. Simu ya Mektilda ikalia pembeni ya kochi: yule wa kofia, machozi ya bluu, anauliza kama amesahauliwa. Pembe alizoota kwa uji wa wenzake zilikuwa zimekua zaidi. Mektilda aligandamiza alama ya gemu mpaka ikatetemeka, akalifuta, na kinyaa hakikutoka nalo. Kilikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Alijaribu kuitamka ile sentensi kimya kimya, ya marobota, ya kuchekesha, na ilikuwa na ladha ya kitu kilicholala kwenye sufuria siku tatu.

Specioza alikuwa ameinama akifuta lile tone la uji.

"Ya Joakim sasa nitakuwa nayo," akasema akiwa huko huko chini. "Ya yule mweusi hata picha sina."

Akainuka, akamwongezea michembe kwenye sahani. Mektilda aliweka kipande kimoja mdomoni, akakitafuna muda mrefu, na hakikushuka.