Rula Juu ya Masale

...na swali la mwisho lilikuwa lilelile, halibadiliki hata ulitazame mara mia, eleza jinsi nyaraka za maktaba yetu zilivyokupa matokeo ambayo usingeyapata mahali pengine, maneno mia tatu, na Aikaeli alikuwa ameshayaandika yote tangu juzi, mazuri, yamenyooka, kilichobaki ni kubonyeza Tuma, ila kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakishuki, kwa sababu saa nane mama alipiga simu kutoka Kirua Vunjo, baba yako mdogo ameanza kuchimba msingi, Aika, wamekuta mifupa... "Dada Aika, zimebaki dakika kumi na mbili mfumo ujifunge," Bwana Efraimu wa chumba cha ramani alikuwa anamsemesha kutoka kaunta, uso wote tabasamu, maana miaka yote aliyokaa hapa hakuna mwanafunzi wa uzamili aliyewahi kuomba tuzo ya utafiti ya maktaba kwa kutumia ramani zake, huyu ndiye wa kwanza, ile ya zamani alimpangusia vumbi kwa leso yake mwenyewe, akampa na rula, ndiyo, hata rula ilitoka kwake, ya mbao, na Aikaeli akailaza juu ya zile alama tatu za masale zilizochorwa ramanini akapiga mstari, mpaka huo, kwisha, kwani masale, mimea ile ya majani marefu, ni nini kama si mpaka, mwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba, huyapanda ukingoni ili jirani asivuke, kila mtu anajua, hivi kila mtu ni nani, mbona alikuwa yeye peke yake na rula, yeye mtoto wa kukulia Majengo, wa kupanda mlimani Krismasi, kula nyama na kushuka, hakujua kwamba masale hupandwa na makaburini? Alijua! Ya babu yake alishaonyeshwa, nyuma ya zizi, alijua na akasahau kwa kuwa mstari ulitoka umenyooka vizuri mno, ukapita katikati ya kihamba cha Bibi Kornelia, migomba arobaini ikaangukia upande wa jirani, na jirani mwenyewe nani, baba mdogo Sylvanus... Wala kwenda kumuuliza bibi hakutaka, asijidanganye, alifika tu mpaka Himo, mvua inanyesha, bodaboda akamwambia, dada, huko juu leo tope tupu, hapapandiki, naye akafurahi, aibu iliyoje, akafurahi, akarudi Moshi kukaa kwenye kiti hikihiki chenye joto, wakati Bibi Kornelia angemwekea kigoda na kikombe cha maziwa, amwambie, hili kaburi la baba mkwe, hili la mama mkwe, na hili dogo la Mathew wangu aliyekufa kwa surua, ni hivyo tu, nusu saa ya kukaa na kusikiliza. "Umeshatuma?" Bado, bado kidogo, aliitika bila kugeuka... Na nakala ya tasnifu alimpa baba mdogo kwa mkono wake, mzee kasema anataka kujivunia mtoto wao, akamwandikia mbele, kwa baba mdogo, kwa upendo, naye upendo ule akaupeleka baraza la ardhi, una mhuri wa chuo, Bibi Kornelia ana mdomo wake tu, wakamshinda, Aikaeli aliposikia akajiambia utafiti ni utafiti, hauna undugu... sasa mifupa, mifupa midogo, mama alisema, wameiweka kwenye mfuko wa saruji, na bibi ameketi ukingoni mwa shimo, halii, anarudia neno lilelile, yule Aika binti wa Aminieli mbona hakuja kuniuliza, mlango wangu si haufungwi... Ruwa, Mungu wangu. Kesho atakata jani la sale, alifunge fundo, apande nalo, amwekee bibi mikononi, maana sale likishaletwa halikataliwi, hata umeuliwa ndugu utasamehe, ndivyo walivyolelewa wote kule juu, na moyo ukaanza kutulia, karibu utulie kabisa, kisha ukamgeukia, kwa hiyo unamfuata tena na kitu asichoweza kukikataa, kihamba mmekichukua kwa karatasi asiyoweza kuijibu, sasa na msamaha mkauchukue kwa jani, tena jani lilelile la kaburini kwa mwanawe... "Dakika tano, dada, usije ukaniangusha!" Maskini Bwana Efraimu, ataangushwa, acha mfumo ujifunge, swali limeshajibiwa, matokeo haya asingeyapata mahali pengine popote, wala barazani hawatamsikiliza hata akiandika kwamba mstari ni wa uongo, ataandika, hawatamsikiliza, saruji itamwagwa. Kidole bado kilikuwa juu ya kitufe, tabasamu bado lilikuwa kaunta, ila sale hatalibeba, atapanda kwa miguu, mikono mitupu, asimame kwenye mlango ule usiofungwa, ili Bibi Kornelia aweze kumkatalia.