Mtoto wa Marehemu Enguerran

Tangu siku nguruwe mwitu alipomuua kaka yake Enguerran, Gaucher hakutulia. Asubuhi moja alipanda farasi hadi kwenye kinu cha kusagia nafaka, akaamuru paa liezuliwe lijengwe upya. Kufika alasiri akawarudisha mafundi makwao. Ya nini kujenga kisichojulikana ni cha nani? Miaka thelathini alikuwa amekula mezani pa kaka yake kama mgeni asiyeaga. Sasa ngome ya Aubrelle, mashamba yake na msitu wake, vyote vilikuwa vikingojea tumbo la mjane, Mahaut. Mtoto akizaliwa hai, awe wa kiume au wa kike, ni vyake. Akifa, ni vya Gaucher.

Uchungu ulimshika Mahaut asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Martini. Adhuhuri mkunga Perrette akashuka ngazi, jasho linamtiririka.

"Mtoto kakaa vibaya, bwana. Mimi nimefika mwisho. Yule mtawa wa ng'ambo, Sista Odile, ndiye anayejua kuwageuza. Mfuate."

"Mto umefurika, Perrette."

"Nimeuona, mimi si kipofu. Na wewe pia nakuona. Farasi wa kuvuka maji yale ni wako tu."

Gaucher akaenda. Lakini alipofika kivukoni alivuta hatamu. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yanakokota magogo. Nani angemlaumu? Angerudi aseme mto umekataa, basi. Nayo ingekuwa karibu na kweli. Farasi alichimba tope kwa kwato. Gaucher akashuka, akapanda, akashuka tena. Mara akajikuta anawaza atalala chumba kipi, kile cha kaka yake au kile chenye dirisha la mashariki. Akarukia tandiko, akampiga farasi visigino, wakaingia majini.

Alirudi na Sista Odile nyuma yake, kalowa chapachapa, anamtukana yeye, farasi na mto kwa zamu. Kabla ya kengele ya jioni mtoto alilia. Wa kike.

Siku ya tatu Mahaut alimwita Gaucher.

"Shemeji, Perrette anasema ulikawia."

"Nilisimama mtoni."

"Tangu lini wewe ukaogopa maji?"

"Sikuogopa maji."

Mahaut akamvuta mtoto kifuani.

"Ulivuka," alisema. "Hilo sitalisahau. Lakini msimamizi wa urithi wa mtoto huyu atakuwa kaka yangu, si wewe."

Kwa desturi nafasi hiyo ilikuwa ya Gaucher, na angeweza kuidai mbele ya mkuu wa jimbo. Hakuidai.

"Naweza kumshika?"

"Leo hapana."

Theluji ilipoyeyuka alikwenda kusini, akajiunga na askari wa bwana mmoja wa mpakani. Wenzake walimpenda, ila walilalamika kwamba hakai: hata chakula anakula amesimama, macho mlangoni.